Bruda wa babu alitoka Münster. Münster ipi?

"Shikamoo mwalimu. Babu yangu mzaa mama alifundishwa useremala Peramiho miaka ya thelathini na bruda mmoja Mjerumani. Picha ya huyo bruda tunayo. Nyuma pameandikwa kwa wino jina lake, ambalo halisomeki vizuri, halafu 'Münster' na '1929'. Juu ya ile u sioni vinukta viwili, naona kitu kama kimkunjo. Babu naye alikuwa akisema kwao bruda ni Münster. Mpwa wangu anasoma chuo kikuu Münster, Ujerumani, anataka niende mwakani tutafute ukoo wa bruda tutoe shukrani. Lakini nikitafuta kwenye intaneti naona Munster ya Ufaransa, Munster ya Ayalandi, Munster nyingine ya Ujerumani isiyo na vinukta, hata Monastir ya Tunisia. Rafiki yangu anasema miji hiyo yote ilizaliwa na mmoja, kwa hiyo nikiuandikia mkubwa wao watanielekeza. Mtu mwingine wa mtandaoni anataka euro mia tatu anitafutie. Nifanye nini kabla sijakata tiketi?"

Marahaba. Tiketi isubiri, na huyo wa euro mia tatu usimpe hata senti. Sababu nitakueleza, ila nivumilie kidogo, maana swali lako limebeba mawili ndani yake. Moja ni asili ya jina Münster. La pili ni asili ya bruda. Rafiki yako anadhani ukishalijua la kwanza, la pili limejijibu. Hapo ndipo watu wengi wanapopotelea, na mimi mwenyewe nilishapotelea hapohapo.

Tuanze na jina. Kwa Kigiriki *monos* ni peke yake, pweke. Wakristo wa mwanzo waliojitenga jangwani Misri na Shamu wakaitwa kwa neno hilo, na makao yao yakaitwa *monasterion*. Kilatini kikalichukua kikasema *monasterium*, na kutoka hapo kila lugha ikalitafuna kwa meno yake: Wajerumani wakapata Münster, Waingereza minster, Wafaransa moutier, Wareno mosteiro, Waromania mănăstire, Wahungaria monostor, Waturuki manastır, Waayalandi mainistir. Sisi tulilipokea mwishoni kabisa, tena kwa njia ya vitabu vya kanisa, ndiyo maana monasteri yetu imekaa karibu na Kilatini kuliko Münster ya Wajerumani wenyewe.

Sasa neno la kawaida hugeukaje kuwa jina la mji? Kwa Mswahili hili halihitaji maelezo marefu, kwa sababu tunalifanya kila siku kwa silabi moja. Pakijengwa msikiti, watu husema "nishushe Msikitini". Pakiwa na soko, pataitwa Sokoni, na miaka hamsini baadaye soko limehama lakini konda bado anaita Sokoni. Dar es Salaam, Kariakoo, kuna Misheni Kota. Hakuna kikao kilichokaa kuchagua majina haya. Ni jibu la swali "unakwenda wapi?" lililorudiwa mpaka likaganda. Münster ni hivyohivyo: ni "Monasterini". Wamonaki walijenga, wakulima wakasogea karibu kwa ajili ya ulinzi, kazi na soko la siku ya sikukuu, kijiji kikakua, na kijiji kikaitwa kwa jengo kubwa kuliko yote lililokuwapo.

Kwa hiyo miji hii si ndugu wa tumbo moja. Hesabu mitaa ya Majengo: Moshi, Dodoma, Songea, Mombasa, Nairobi. Je, Majengo ya Moshi ilizaliwa na Majengo ya Mombasa? Hakuna Majengo mama, na hakuna Münster mama wa kumwandikia barua.

Ile anayosoma mpwa wako, ya Westfalia, ni kubwa kuliko zote, na historia yake itakugusa. Karne ya 8 mahali hapo paliitwa Mimigernaford, kivuko cha mto. Mfalme Charlemagne akamtuma huko mmisionari aitwaye Liudger kuwahubiria Wasaksoni, naye akajenga monasteri mwaka 793 hivi. Mwaka 805 akawa askofu wa kwanza. Kwa maneno mengine Münster yenyewe ilianza kama kituo cha misheni, kama Peramiho ilivyoanza mwaka 1898. Tofauti ni moja tu. Kule "Monasterini" ililimeza jina la zamani, na leo Mimigernaford inajulikana na wanahistoria pekee. Kwetu jina la wenyeji lilishinda: abasia, yaani monasteri kubwa inayoongozwa na abate, ndiyo iliyoitwa Peramiho, kijiji hakikuitwa Abasiani. Mimi nafurahi ilikuwa hivyo.

Wengine nitawapitia haraka. Munster ya Ufaransa iko Alsace, bonde la jibini linalonuka ambalo watu hulipenda au hulikimbia. Abasia yake ni ya karne ya 7. Kumbuka kwamba kuanzia 1871 hadi 1918 Alsace ilikuwa chini ya Ujerumani, na mji huo ukaandikwa Münster kwa vinukta vyake. Munster isiyo na vinukta iko Saksonia ya Chini, mji wa wanajeshi wenye makumbusho ya vifaru. Kuna Münster ya Hesse. Kuna Bad Münstereifel, Kornelimünster, Neumünster, zote zimeongezewa neno ili barua zisipotee. Uswisi ndiyo inachanganya zaidi: kuna Münster ya Wallis; kuna Beromünster, ambayo zamani iliitwa Münster tu; kuna Müstair, ambayo Wajerumani huiita Münster; na kuna Moutier, ambayo kwa Kijerumani cha zamani nayo ni Münster. Nchi hiyo nzima ingeingia ndani ya mkoa wa Ruvuma na nafasi ikabaki.

Na kuna zile za monasteri ndogo, *monasteriolum*, ambazo kwa Kifaransa zimekuwa Montreuil, na Montreux ya kule Ziwa Geneva. Uingereza wana Westminster, yaani monasteri ya magharibi, na Minster mbili ndani ya jimbo moja la Kent. Hizi weka pembeni, hazikuhusu.

Kuna za kufuta kabisa. Munster ya Ayalandi haina monasteri ndani yake. Ni jina la jimbo la kale, kwa Kiayalandi Mumhain, lililoongezewa mkia wa "ster" wakati wa Wanorse, mabaharia wa Skandinavia, kama Ulster na Leinster. Kufanana na Münster ni bahati tu. Waayalandi wakitaka kusema monasteri wanasema mainistir, na utaikuta kwenye Monasterevin na Monasterboice. Wengine wataingiza na München. Huyo ni binamu, si pacha: jina la mwaka 1158 ni Munichen, maana yake penye wamonaki. Sisi tungesema Kwa Wamonaki, kama tunavyosema Kwa Sadala au Kwa Mrombo. Na ukisikia Wajerumani wakitaja Münster ya Ulm, hapo wanataja kanisa, tena kanisa la parokia ambalo halikuwahi kuwa monasteri. Neno lilipanuka likawa jina la heshima la kanisa kubwa.

Monastir ya Tunisia nayo haimhusu bruda, ila naona imekushangaza, basi dakika moja. Jina lina asili ileile. Lakini jengo kuu la mji ni ribati, ngome iliyojengwa mwaka 796 na gavana wa makhalifa wa Kiabasi wa Baghdad, Harthama ibn A'yan, ambamo wanaume walikaa wakisali huku wakilinda pwani. Huko ndiko alikozaliwa Habib Bourguiba, rais wa kwanza wa Tunisia. Kuna Monastir nyingine kwenye ramani za Waturuki, ambayo leo ni Bitola ya Masedonia Kaskazini. Raha yake ni kwamba hata hilo jina la Kislavi, Bitola, linatokana na neno lenye maana ya makao ya watawa. Mji umebadilishiwa lugha, maana imebaki palepale.

Haya, turudi kwa bruda.

Jina likiwa la watu wengi, linalomtambulisha mtu ni mkia wake. Kwetu ni "Juma wa Mama Asha". Kwa Wajerumani mkia huwa herufi mbili tatu baada ya Münster: *i. W.* ni Westfalia, *i. Els.* ni Alsace. Umeniandikia "Münster" pekee, kwa hiyo ama mkia haukuwapo, ama upo na haujauona. Ningekuwa nawe hapo ningekuuliza swali moja: neno Münster limeishia ukingoni mwa karatasi? Baada yake kuna kistari kidogo, labda viwili vilivyolala kama alama ya sawasawa? Na mstari wa chini yake unaanza na nini?

Nauliza kwa sababu hii. Kusini mwa Ujerumani, mashariki ya Würzburg na karibu na mji wa Kitzingen, kuna abasia ya Wabenediktini, watawa wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iitwayo Münsterschwarzach. Schwarzach ni jina la kijito. Abasia hiyo ilifungwa mwaka 1803 serikali zilipotwaa mali za watawa, ikafufuliwa mwaka 1913 na Wabenediktini wamisionari wa St. Ottilien, abasia ya Bavaria, walewale walioanzisha Peramiho na Ndanda. Tangu hapo Münsterschwarzach nayo ikawa inatuma mapadre na mabruda kwetu. Jina hilo ni refu, herufi kumi na saba, na nyuma ya picha ndogo halienei kwenye mstari mmoja. Mwandishi huandika "Münster-" kisha anashuka chini. Wino wa chini ukififia, au kona ikikatika, mjukuu anabakiwa na Münster. Na seremala kijana wa Peramiho akimsikia mwalimu wake akitaja neno lenye silabi ngumu nne, atashika lipi? Atashika lile la mbele.

Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema kwa bruda Mbenediktini wa miaka hiyo aliyekuja Peramiho, hili ndilo la kulichunguza kwanza, kabla ya Westfalia.

Pili, usitegemee vinukta. Intaneti itakuambia yenye vinukta ni ile, isiyo na vinukta ni hii. Kwa maandishi ya chapa ni kweli. Kwa mkono wa 1929 si kweli. Wajerumani wengi wa wakati ule waliandika hati ya zamani ambayo u na n zinafanana kabisa, hata e inakaribiana nazo. Ili msomaji asichanganyikiwe, juu ya u waliweka kimkunjo kama mwezi mwandamo, na juu ya ü waliweka vijistari viwili. Mwenye haraka aliviunganisha vijistari vikawa kimkunjo. Kwa hiyo ulichokiona wewe kinaweza kuwa u, kinaweza kuwa ü, na picha yenyewe haitakuambia.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya nikuzuie usimlipe yule mtu: jina lililoandikwa pale pengine si jina alilozaliwa nalo. Mbenediktini akiingia utawani alipewa jina jipya. Ofisi ya mji ikitafuta jina la kitawa kwenye vitabu vya vizazi haitapata kitu, wala mpelelezi wa kulipwa hatapata, labda akuletee bruda wa watu wengine mwenye jina linalofanana. Mimi niliwahi kuandikia ofisi ya kumbukumbu ya mji mmoja wenye Münster ndani yake, nikimtaja padre kwa jina la kitawa. Walinijibu baada ya miezi minne, kwa adabu sana, kwamba hawamjui. Kosa lilikuwa langu mara mbili: jina si lake, na mji si wake.

Angalia pia kifupisho kilicho mbele ya jina. *P.* ni padre. *Br.* ni bruda. *Fr.* kwa Kijerumani ni frater, si "Father" wa Kiingereza, na wengi huko kwetu wamewapa upadre watu ambao hawakuwa nao. Nyuma ya jina ukiona OSB, huyo ni Mbenediktini bila ubishi.

Ukifanikiwa kuona karatasi yoyote ya kanisa inayomhusu, itakuwa kwa Kilatini, na hapo mambo hunyooka. Mtu wa jimbo la Münster ya Westfalia ataandikwa *Monasteriensis*. Wa München ni *Monacensis*. Zote huanza na Mona-, na makarani walizikata fupi, kwa hiyo soma herufi ya tano: ikiwa s ni Münster, ikiwa c ni München. Anayetoka eneo la Münsterschwarzach ataandikwa *Herbipolensis*, maana hilo ndilo jina la Kilatini la jimbo la Würzburg. Na usishangae ukikuta bruda alizaliwa kwingine kabisa, tuseme kijiji cha Bavaria, akaweka nadhiri Münsterschwarzach. Mtawa ukimuuliza kwao ni wapi anaweza kukutajia abasia yake. Babu yako hakudanganywa, ni kwamba "kwetu" ya mtawa ina milango miwili.

Je, Mswisi anawezekana? Anawezekana sana. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani waliondolewa Tanganyika, na Wabenediktini wa Uswisi wakaja kuishika kazi. Abate wa kwanza wa Peramiho, Gallus Steiger, alikuwa Mswisi. Watu wa kwetu walimwita Mjerumani kila aliyesema Kijerumani. Kwa hiyo Beromünster na Münster ya Wallis sizifuti. Alsace naishusha chini, kwa sababu mwaka 1929 ilikuwa imesharudi Ufaransa miaka kumi nyuma, ingawa mkono wa mtu mzima hauachi tahajia ya utotoni. Westfalia bado iko hai: ni nchi ya Wakatoliki wengi, na ilitoa wamisionari wengi.

Sasa la kufanya. Weka picha mezani karibu na dirisha saa za asubuhi, mwanga uje kwa ubavu. Piga kwa simu mbele na nyuma, kisha izungushe kidogo na upige tena. Mwanga wa ubavu huonyesha wino uliofifia, maandishi ya penseli, na mhuri wa kubonyezwa wa mpiga picha, ambao mara nyingi huwa kona ya chini upande wa mbele pamoja na jina la mji. Mji wa studio ni shahidi mzuri kuliko kumbukumbu zetu. Usipitishe kalamu juu ya herufi ili zisomeke, usibandike gundi ya plastiki, usiisafishe kwa maji.

Kisha nenda Peramiho mwenyewe. Najua ungependa barua pepe, lakini hapa miguu inafaa zaidi. Ukitokea Songea mjini ni mwendo mfupi kwa gari. Omba kuonana na mtawa anayetunza kumbukumbu, nenda na picha halisi kwenye bahasha ngumu, pamoja na jina la babu, mwaka aliobatizwa na karakana aliyofundishwa. Wazee wa abasia wanaweza kuisoma hati ile kama wewe unavyosoma gazeti, na wengine wanawajua mabruda wa zamani kwa sura na kwa makaburi yao. Halafu tembea makaburini. Kama bruda alifia Peramiho, ukoo unaotaka kuushukuru uko hapohapo, umbali wa kutembea, na jiwe lake litakupa jina la kitawa lisilo na mkunjo wala shaka.

Ukishakuwa na jina hilo, andika Münsterschwarzach na St. Ottilien, barua moja fupi kila mahali, kwa Kiingereza au Kijerumani, mpwa wako akusaidie. Uliza mambo matatu tu: jina la kuzaliwa, mahali na mwaka wa kuzaliwa, siku ya nadhiri. Tuma nakala ya picha, kamwe usitume yenyewe.

Kama majibu yatasema Westfalia, mpwa wako alikuwa sahihi na una mwenyeji tayari. Kama yatasema Münsterschwarzach, ujue kutoka kwa mpwa wako ni zaidi ya kilomita 300, na ukifika kituo cha treni cha Münster na maua mkononi utakuwa umeshuka Majengo ya mji mwingine. Unaweza kuamua kwenda kumwona mpwa vyovyote vile, na Münster ni mji mzuri wa baiskeli na makanisa. Hiyo ni safari ya mpwa, ihesabu peke yake.

Jina la jiwe ukilipata, niandikie pamoja na picha ya upande wa nyuma. Nataka kukiona hicho kistari.